Magogo ya Wifi Yangu

Jumapili. Kipupwe kimeingia, nimejifunga kanga mbili na bado vidole vina baridi ninapoandika. Nimeswali, nimeshiba, sina mgeni wa kumpikia. Moyo umetulia kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu.

Wodi ya wazazi imefunguliwa.

Kwa msiokijua kijiji chetu, kipo kando ya barabara kuu, kati ya Nangurukuru na Lindi. Wodi ile tuliijenga wenyewe pale zahanati. Wanawake tulisomba maji na mchanga, wanaume wakafyatua matofali, serikali ikamalizia bati na rangi. Kisha mlango ukatiwa kufuli. Tukaambiwa tusubiri vitanda. Vitanda vikaja, tukaambiwa tusubiri muuguzi. Huku tunasubiri, wenzetu wakawa wanapelekwa kujifungulia mbali kwa bodaboda, tumbo limegusana na mgongo wa dereva. Mmoja alijifungulia njiani, porini, wapita njia wakamzungushia kanga.

Ndipo tukaunda kamati ya akina mama. Mimi nikawa mwenyekiti, wifi yangu Somoe makamu wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, napenda vikao. Somoe anauza samaki wa kukaanga pale mabasi yanaposimama, na akiongea hana haja ya kipaza sauti. Kila tukitoka kikaoni alikuwa ananuna.

"Wifi, sisi tunapiga hodi tu. Mtu aliyekaa ndani hasumbuki, atakuja kufungua kwa lipi?"

Nikawa namwambia avute subira. Nilishapata miadi na ofisa wa afya wa mkoa, kule Lindi. Kweli miadi yenyewe ilikuwa imeahirishwa na kuahirishwa, lakini safari hii aliniahidi kwa simu kwamba atanisikiliza.

Siku ya miadi nilitokea Kilwa Masoko, nilikolala kwa binti yangu. Nikapanda kosta ya asubuhi. Kiti cha pembeni alikaa mama mtu mzima kutoka Njinjo, Bi Hadija. Nilipomwamkia shikamoo, marahaba yake ilitoka na machozi. Kaka yake amefariki huko Nyangamara, mbele ya Lindi, na anazikwa baada ya adhuhuri. Nikamshika mkono, tukaenda hivyo hivyo.

Tulipokaribia kijijini kwetu gari likasimama. Mbele kulikuwa na foleni ya malori na mabasi. Konda akateremka kwenda kuangalia, akarudi anatikisa kichwa.

"Akina mama wamefunga barabara. Wamepanga magogo na wamekaa juu yake. Wanadai wodi."

Nilijua ni nani kabla sijauliza.

Nikabaki kwenye kiti changu. Niseme ukweli, niliona aibu, na niliogopa. Ila kwa kukaa pale nikasikia mambo ambayo kwenye vikao vyetu sijawahi kuyasikia. Mwanzoni abiria waliuliza ni wodi gani, konda akawaeleza, na dada mmoja akasema, "Wana haki jamani. Mimi mwanangu nilimzalia kwenye bajaji." Wengi wakamuunga mkono. Nikafurahi kimoyomoyo. Kisha jua likapanda. Mwenye matenga ya nyanya juu ya gari akaanza kutukana. Mtoto mchanga akalia mpaka sauti ikakauka. Yule dada wa bajaji naye akageuka, akauliza ni haki gani hii ya kuwatesa wasiohusika. Jua lilipofika utosini hapakuwa na mtu upande wetu ndani ya lile gari, na mimi, mwenyekiti, nilikuwa sijafungua mdomo.

Bi Hadija hakutukana. Aliuliza tu, taratibu, kama anajiuliza mwenyewe: "Hawajui kwamba wengine tuna msiba?"

Nikashuka.

Nilimkuta Somoe juu ya gogo, kanga kiunoni, anaongoza wimbo. Aliponiona akaruka kwa furaha.

"Wifi! Umefikaje?"

"Kwa gari ulilolizuia. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenikataza."

Ni kweli, ningemkataza. Nikamwambia kuna mama anawahi maziko, lisogezwe gogo moja gari lile lipite. Akakataa. Akasema tukimpisha mmoja, kila gari litakuwa na maiti. Tukabishana pale pale mbele za watu, mtu na wifi yake, wimbo ukafa, wanawake wakabaki kututazama. Alipokubali hatimaye, foleni ilikuwa imebanana kiasi kwamba kosta yetu haikuwa na pa kupenyea. Na kabla hatujajua la kufanya, polisi wakawa wameshafika kutoka Lindi.

Kwenye gari la polisi akateremka bwana mmoja amevaa suti ya Kaunda.

"Kiongozi wenu ni nani?"

Somoe alivuta pumzi, nikaona anataka kujitoa yeye. Nikafikiria pensheni yangu, nikafikiria binti yangu. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Ni mimi."

Akaniuliza jina. Nilipolitaja akanikazia macho.

"Wewe si ndiye mwenye miadi na mimi leo?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa. Nilikuwa nakuja, nimezuiwa njiani."

Wanawake waliangua kicheko, hata polisi mmoja akageukia pembeni akajifuta mdomo. Ofisa mwenyewe alijitahidi asicheke, akashindwa. Kikao nilichokisubiri muda wote ule kikafanyika palepale juu ya lami. Akaahidi muuguzi ataletwa kabla ya mwezi kwisha. Somoe akamwambia, "Sema kwa sauti, na wenye malori wasikie." Akasema kwa sauti. Magogo tukayaondoa wenyewe. Mimi na Somoe tukachukuliwa hadi kituoni, tukaandika maelezo, tukaonywa vikali, tukaachiwa kabla ya magharibi.

Kabla hatujachukuliwa, kosta ilipita nikamwona Bi Hadija dirishani. Wakati huo adhuhuri ilikuwa imeshaswaliwa zamani.

Muuguzi alikuja kweli. Asubuhi ya leo nimekwenda kumpakata mtoto wa kwanza kuzaliwa kwenye wodi yetu, msichana, amekunja ngumi kama mwenye ugomvi na mtu. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Somoe anatamba. "Vikao vyako vya kumwaga, wifi, na magogo yangu mara moja tu!" Siku ya ufunguzi ofisa aliniambia pembeni kwamba muuguzi alikuwa ameshapangwa kabla ya magogo. Huenda. Huenda pia anasema hivyo ili asionekane ametishwa na wauza samaki. Ninachokijua ni kwamba baadhi ya mabasi siku hizi hayasimami kwetu, yanapita kwa kasi, na samaki wa Somoe wanabaki kwenye beseni. Hilo halitambii.

Bi Hadija hakunitoka moyoni. Nikamuulizia kwa yule konda mpaka nikaelekezwa nyumba ya msiba, na jana nikaenda Nyangamara kumpa pole. Somoe alisema haendi, kisha nikamkuta barabarani ananisubiri.

Nilimweleza Bi Hadija mimi ni nani hasa.

"Kumbe aliyenishika mkono ndiye mwenye magogo."

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo wodi imefunguliwa?"

"Imefunguliwa."

"Alhamdulillahi," akasema, na nadhani alisema kwa moyo. "Lakini mimi kaka yangu nilikuta ameshafukiwa. Kwa hilo msinifariji."

Hatukumfariji. Somoe alinyanyuka, akanawa mikono, akaenda kukaa na wanawake waliokuwa wanamenya muhogo. Alimenya mpaka ukaisha. Alasiri Bi Hadija mwenyewe alitusindikiza hadi njiani. Hakusema ametusamehe, nasi hatukumuuliza.

Kwa hiyo je, magogo yalitusaidia au yalituharibia? Nimeliandika swali hili na kulifuta zaidi ya mara moja. Yule mtoto ni jibu. Kaburi la Nyangamara nalo ni jibu. Yote mawili ni ya kwetu, na nimeona nikiyabeba pamoja nalala vizuri kuliko nikichagua moja.

Alhamisi kamati inakutana tena. Tunataka gari la wagonjwa. Nimeshaamua: nitaanza na kikao, na barabara sitaki iguswe.

Jana tukiwa kwenye gari la kurudi, tulikuwa tumeshaipita Lindi mjini. Somoe akaniegemea.

"Wifi, ile ofisi ya mkoa. Ina geti moja tu, eti?"

Nikatazama nje, mikorosho ikipita. Nilikuwa na hotuba nzima ya kumpa.

"Mawili," nikamwambia.