Kibibi wa Lifti na Kifurushi Nisichokitaka

Chumba cha nyuma,
Ghorofa ya nne (lifti bado ni mbovu).
Jumapili, baada ya kuosha vyombo.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani, na goti lako linaendeleaje? Mgeni wako aliyetuletea kompyuta anasema siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi. Sisi hapa ni wazima. Baba anaoka mikate na kukohoa unga kama kawaida. Mama yuko zamu hospitalini mpaka jioni. Mimi sijambo mwilini. Moyoni nimefura.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana bila hilo hutaielewa hasira yangu. Ninatengeneza filamu. Ya katuni, ya kuchora picha moja moja, mkono ukiinuka kidogo hapa, kidogo pale, mpaka mtu anatembea. Ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya kwenye ile kompyuta ya zamani, ile nene, wakati wote mliodhani napiga hesabu.

Ndani yake kuna kibibi mmoja aliyekwama kwenye lifti. Lifti ikatengenezwa, yeye akakataa kutoka mpaka mtu amwombe radhi. Jengo zima linakuja kumbembeleza, naye anawajibu wote. Ana mdomo huyo, Shangazi. Na sauti yake ni yangu. Naingia kabatini, najifungia katikati ya makoti ya Mama ili mwangwi usiingie, naongea. Mimi huyu huyu mnayeniita Kimya. Shuleni tunafundishwa kwa ile lugha nyingine, na huko sinyanyui mkono. Nyumbani lugha ninayo, nafasi ya kupenyeza neno ndiyo sipati. Kabatini ndipo ninaposema.

(Nimeifunika karatasi hii kwa kitabu cha hesabu. Alikuwa Baba, anatafuta miwani. Iko kichwani kwake.)

Kompyuta uliyonitumia ni nzuri, nyepesi kama sinia, na sitaki udhani nailalamikia. Lakini ni ya mfumo mwingine kabisa. Programu ninayochorea ilitengenezwa kwa mfumo wa zamani tu, kwenye hii mpya haiingii. Faili zangu nimezihamisha zote, zimekaa pale kama bahasha nyeupe zisizo na anwani. Ukizigusa, hazifunguki.

Ndiyo sababu nilikubali Kaka anipeleke dukani kukiona hicho kifurushi cha programu za ubunifu ulichotaka kuninunulia. Kaka, kama unavyojua, anatengeneza simu pale kibandani kwake, basi kila chenye waya anakiamulia yeye. Mimi nilikuwa na swali moja: programu ya katuni iliyomo humo itafungua filamu yangu, au haitafungua?

Muuzaji alikuwa kijana mwenye kola iliyopigwa pasi mpaka inakata. Nikamuuliza. Akamjibu Kaka: "Mwambie dada yako inafungua kila kitu, bosi." Nikauliza tena, safari hii kwa ile lugha nyingine, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi, nikadhani labda hapo ataniona. Akamgeukia Kaka. "Kumbe anasoma shule nzuri."

Nikatoa flashi yangu mfukoni, nikampa, akaichomeka na kuifungua filamu kwa ile programu ya katuni. Kioo kikabaki cheusi. Picha hakuna, hata mstari. Lakini sauti ikatoka, tena kwenye zile spika kubwa za kuvutia wateja: "Mimi si mzigo wa kushushwa mnapotaka. Nendeni mkamlete aliyebonyeza kitufe." Duka zima likageuka. Mama mmoja aliyekuja kununua wino alicheka mpaka akashika kaunta.

Kaka naye akacheka. "Nani huyo kibibi? Umemwokota wapi?"

Shangazi, tumelala ukuta kwa ukuta tangu nizaliwe. Hakunitambua. Nilipaswa kusema ni mimi. Nikatazama viatu.

"Si umesikia?" muuzaji akasema. "Sauti imetoka. Inafanya kazi."

"Inafanya kazi," Kaka akaafiki, kama hakimu. Kwake yeye simu ikishaita imepona, hata kioo kikiwa kimepasuka vipande. Ndivyo anavyowarudishia wateja simu zao, na ndivyo alivyonirudishia filamu yangu.

Siku hiyo hiyo jioni ukapiga simu. Ikawekwa spika sebuleni kama kawaida, na kama kawaida mwenye koo ndiye aliyejibu. Nilikusikia vizuri ukiuliza, "Mwenyewe anasemaje?" Baba akasema, "Huyo hana neno, dada yangu." Kaka akadakia, "Nunua chote, Shangazi. Mtu hanunui gari akaacha matairi dukani." Mama alisema kutoka jikoni, "Si mumuulize," lakini bomba lilikuwa wazi. Nami nilikuwa pale pale, kwenye mkono wa kochi, mdomo nimeufungua. Ikatoka hewa tu. Katika nyumba hii asiyepiga kelele huandikwa amekubali.

Hata wewe nimekukasirikia, unisamehe. Ulisema, "Haya, kama ameridhia." Ungengoja kidogo. Kidogo tu, neno lilikuwa njiani.

Sasa sikia lililonivunja. Kwa kuwa ati kila kitu kinafunguka, Kaka ameiahidi kompyuta ya zamani kwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, kwa ajili ya wanawe. Atakuja kuichukua Jumamosi. Ijumaa Kaka ataifuta yote, kwa sababu, anasema, zawadi haitolewi chafu. Chafu. Kibibi wangu, wapangaji wake wote, ile ngazi niliyoichora mpaka vidole vikakakamaa, ndio uchafu. Hicho ndicho chombo pekee kinachofungua filamu yangu, na imebaki sehemu ya mwisho tu. Kikifutwa, atabaki sauti gizani kama pale dukani.

Fundi cherehani sina ugomvi naye. Wanawe nawapenda. Hasira yangu inajua inakoelekea.

Na hicho kifurushi nimekikagua kuliko huyo muuzaji. Kuna programu ya muziki, na mimi hata filimbi sijui kupuliza. Kuna ya video, nayo kompyuta ilikuja na yake, ndogo, inanitosha. Kuna ya matangazo, ambayo Kaka ameshaanza kuizungumzia kwa ajili ya mabango ya kibanda chake, basi hapo ndipo nilipolielewa lile tairi. Ya kuchora ni nzuri, sikufichi. Nilipoishika kalamu yake pale dukani mkono uliniwasha. Lakini wanasema hiyo kwa sasa haiuzwi peke yake, ukiitaka uichukue pamoja na ukoo wake mzima. Na ile ya katuni ndiyo iliyotoa kiza.

Kaka anarudia kwamba ofa inaisha Ijumaa. Anairudia wakati wa kula, anairudia mlangoni pa bafu. Mimi naona kitu kinachokukimbiza namna hiyo kina lake jambo.

Kwa hiyo, Shangazi, naomba usinunue. Si kwamba sina shukrani. Niache kwanza nimalize filamu kwenye ile nene, kisha niitoe kama video ya kawaida, ambayo kompyuta yoyote inaonyesha. Hapo fundi cherehani aichukue, na mimi mwenyewe nitamshushia ngazi zote nne. Baadaye, nikianza kitu kipya kwenye hii yako, nitajua nahitaji nini, na nitakuomba hicho kimoja kwa mdomo wangu. Kuhama mfumo nitahama. Nimekataa tu kuhamishwa kama kabati.

Barua hii nampa mgeni wako, anaondoka kesho alfajiri. Kwenye simu siwezi, simu ni ya sebule. Ukishaisoma, piga kabla ya Ijumaa, useme unataka kuongea na mimi, na spika izimwe. Halafu ungoje. Nitachelewa kidogo kuanza, usikate.

Nisalimie Mjomba mwenye redio na yule mdogo anayeng'ata kalamu, mwambie nimemchorea mbuzi. Mama anakusalimu, Baba pia, na miwani yake. Kaka naye, basi, anakusalimu. Mungu alilinde goti lako na ngazi zako, akufikishe kwetu tukuone kwa macho.

Nasikia nyayo kwenye korido. Ni za Kaka, ndara yake ya kushoto imekatika, inaburuta. Kitabu cha hesabu kiko hapa mkononi. Nimekiweka chini ya kitanda. Karatasi iko mezani, wazi, upande ulioandikwa juu.

Ananiita kupitia mlango, "We Kimya, unaandika nini muda wote huo?" Kitasa kinazunguka. Nikiweka nukta hapa namjibu, kwa sauti ile ile ya kibibi wa lifti, aingie asome.

Mwana wa kaka yako, akupendaye na ambaye bado amekasirika,

Yule mnayemwita Kimya.