Bima ya Bibi Mwanamkuu

Baba, shikamoo.

Uji wa Bibi Mwanamkuu uko jikoni. Apewe ungali vuguvugu. Fomu ya bima ya matibabu aliyoacha wakala usiitie sahihi; Bibi hayumo.

Asubuhi wakala alipouliza huyu bibi ni nani wetu, ulicheka: "Mzigo huo, msafara uliusahau hapa." Bibi akaendelea kupeta mchele, macho yakielea mbali, kama anasikia ngoma ya wapagazi ikififia mchangani. Mgongo wake ulikubeba wewe, ukanibeba na mimi.

~~Sirudi tena.~~ Narudi jioni. Nakwenda Gongoni kwa wakala mwingine, Bwana Lukumani. Mpango wake haulipii meno, kwa hiyo jino lako bovu tutaling'oa kwa uzi, lakini mpango huo unampokea kila anayekula chungu kimoja nasi. Panapoulizwa undugu nitaandika: mama wa baba. Ukikataa, umwambie Bibi wewe mwenyewe.

Mjukuu wake,
Saidi