Mwizi wa Udongo wa Bondeni

Mjukuu wangu Moraa,

Mimi ndiye niliyegundua uyoga unaokula udongo, kabla ya maprofesa wako wa huko unakosomea udongo wa barafu. Haya, nadanganya. Aliyegundua ni nyanya yako, naye anakusalimu. Ng'ombe amezaa na chai inachipuka vizuri.

Unauliza kama nimewahi kuona udongo ukipotea. Niliona. Nikiwa kijana tulichimba mtaro, tukakausha kinamasi cha bondeni, tukapanda mahindi. Misimu michache tu, shamba likashuka hadi nguzo za mpaka zikaning'inia kwenye waya. Baba akamfokea jirani, "Umeiba udongo wangu!" Na jirani ndiye baba wa msichana niliyetaka kumposa!

Msichana akaja na jembe, akapasua bonge kavu. Ndani mlijaa nyuzi nyeupe za uyoga.

"Mzee, mwizi huyu hapa. Maji yalimzuia, nanyi mkayafukuza."

Baba akacheka mpaka akakaa chini. Tukaziba mtaro, nami nikamwoa msichana huyo.

Huko kwenu baridi ndiyo inayouzuia uyoga. Ikipungua, uyoga unakula udongo, na hiyo kaboni unayoichunguza, iliyofungwa udongoni, inapanda hewani.

Lakini nyanya yako akikasirika bado ananiambia, "Mlimwita baba yangu mwizi." Mimi nilikutetea ulipokataa kusomea udaktari, kwa hiyo nilipe: ukimwandikia, nisifu hata mistari miwili.

Babu yako