Vyombo vya Simbilisi

Makambako, Juni 1994

Dada yangu Margareth,

Shikamoo. Joto la huko Manda nalionea wivu, huku baridi inakata masikio. Mimi ni mzima. Simbilisi wangu wamezaa tena, nikawapigilia shelfu ya mbao za makreti. Taabu ni vyombo. Mabeseni ya plastiki yaliyojaa madukani siku hizi ni mazuri kwa macho tu. Wameyatafuna yote kuanzia ukingoni. Ndoo ya rangi nayo wameitoboa. Sasa nataka madebe ya mafuta, niyakate ubavu na kukunja makali. Bati halina pa kung'ata.

Shemeji yako Hosea ameahidi kuyaleta. Nyasi pia huleta yeye, maana akitoka hunifungia kwa nje. Anasema mji huu una wahuni. Usimwambie mama. Ukijibu, tuma kwa jirani yangu Anifa, atanipitishia dirishani.

Unakumbuka kule Mjimwema simbilisi walivyopiga miluzi mama akirudi na majani? Hawa wangu hupiga wakisikia kufuli. Jana walipoanza, nilijikuta nimeshasimama mlangoni, natabasamu.

Mdogo wako,
Lidia