Kivuli cha Jumba la Mwanao

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mwanao Rula. Lile jina ulilompa utotoni kwa kupima kila kitu, hadi mkia wa paka, limemganda mpaka leo. Sisi ni wazima, ila goti langu la kulia siku hizi lina maoni yake kuhusu kila ndoo ninayoinua. Vipi mguu wa shemeji, umeanza kukanyaga chini? Mwambie aache ubishi atumie mkongojo, hakuna anayemcheka. Labda mimi kidogo tu.

Dada, kaa kitako usome, maana kichwa kimenivimba kwa fahari. Kile kiwanja cha nyasi ng'ambo ya barabara, upande linakochomoza jua, kimepata mwenyewe. Kampuni moja ilitaka kujenga jumba la ghorofa nane, na mtaa mzima ukachachamaa. Kinyozi alilalamikia maji, ambayo hata sasa yanatoka kwa kudondoka. Yule mama wa pembeni, ambaye ulimi wake unaujua, alisema hataki watu wa ghorofa ya sita wamhesabie nguo za ndani kwenye kamba. Mimi hofu yangu ilikuwa jua. Mashuka ya nyumba ya wageni huletwa asubuhi na hutakiwa makavu jioni. Dobi asiye na jua la asubuhi atasema nini? Kamba zile za uani ndizo zilizomsomesha Rula, na ndizo zinazonilisha hadi leo.

Basi wakanichagua niwasemee. Na kila mtu alijua kwamba mchoro wa jumba hilo umetoka mkononi mwa Rula, na kwamba ni jengo lake la kwanza tangu aajiriwe na kampuni ile. Kinyozi alisema waziwazi kuwa ndiyo sababu wamenichagua, kwani binti hatathubutu kumbishia mama yake. Nilimwambia hamjui binti yangu. Nyumbani tuliendelea kula meza moja, yeye na michoro yake, mimi na malalamiko yangu, tukiombana chumvi kwa adabu.

Mkutano ulifanyika barabarani, mbele ya kiwanja. Mkurugenzi wa kampuni alileta picha nzuri ya jumba lililozungukwa na miti, ambayo sijui wangeiotesha wapi. Nilipopewa nafasi sikusema sana. Niliwaomba majirani watandike vitambaa vyeusi tulivyokusanya, mapazia kwa mablanketi, kuanzia ukingo wa kiwanja, kuvuka barabara, hadi kwenye kamba zangu. Nikasema hapo ndipo kivuli cha jumba kitakapolala kila asubuhi. Yule mama wa pembeni aliona pazia limefika mlangoni mwa jiko lake akaanza kulisukuma kwa mguu, kana kwamba kivuli nacho kitasogea.

Mkurugenzi akauliza kwa dharau ni nani aliyepima. Dada, kipimo hakikuwa changu. Nilikuwa nimemuuliza Rula mezani kivuli kitafika wapi, naye akaacha kijiko, akachukua chaki, akatoka kwenda kunionyesha, akijua fika nitakwenda kukifanyia nini. Nilikuwa tayari kudanganya kwamba nimebahatisha, asije akafukuzwa kazi. Kabla sijafungua mdomo, Rula alisimama katikati ya wakubwa wake akasema ni yeye. Alisema mama yake aliuliza akajibiwa, na jirani yeyote angeuliza angejibiwa vilevile. Sauti yake haikutetemeka.

Afisa wa manispaa, aliyekuja mkutanoni kusikiliza pande zote, alikataa kutoa kibali mpaka mchoro ubadilishwe. Mkurugenzi alimnunia Rula siku kadhaa, kisha akampa huyohuyo auchore upya, maana mtaa ungemwamini nani mwingine? Sasa jumba ni la ghorofa nne, limesogezwa hadi mwisho wa kiwanja, litakuwa na kisima chake, na kivuli kinaishia barabarani.

Sasa nikuambie jambo ambalo hapa mtaani sijamwambia mtu. Waliponipigia vigelegele siku ile, moyoni nilikuwa nikilia kwa ajili ya ule mchoro wa kwanza. Tangu alipouleta nyumbani, kila akitoka nilikuwa najifuta mikono nisiuloweshe, naufunua, naupitisha kidole dirisha kwa dirisha. Nililipinga jumba lile kwa mdomo wangu wote, na hakuna mtu mtaani aliyelitamani kuliko mimi. Tafadhali, lisimfikie mama wa pembeni.

Nisalimie shemeji na wanangu wote hapo. Jumba likikamilika mje, hata kwa mkongojo. Tutasimama uani kwangu, katikati ya mashuka, juani, tulitazame.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Rula