Kazi ya Kucha Zangu

Kaka,

Bomba la jikoni limeacha kuvuja, na kuku wako ametaga. Shemeji yako anakunywa maziwa kwa mrija, maana taya ulilomvunja kwa nyundo yake mwenyewe limefungwa waya. Meno mawili niliyaokota kwenye maranda ya karakana yake.

Uliona damu mikononi mwangu, hukuuliza, ukampiga mume wangu. Ile ilikuwa kazi ya kucha zangu. Nawashwa mpaka najichuna ngozi. Leo majibu ya damu yametoka: kingamwili zangu, zilizopaswa kunilinda, zinashambulia mirija ya nyongo ndani ya ini zikidhani ni adui.

"Ni kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba," daktari alinieleza.

Nikamwambia mlinzi wa namna hiyo namjua, tumenyonya ziwa moja.

Dada yako, anayejikuna bado.