Ng'ombe Aliyechoka Sana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kilichokuwa kinanisumbua kimepona, nimerudi kazini kwenye mabanda ya vioo yanamolimwa maua. Magoti yako yanaendeleaje? Na mpunga wa hapo Kamsamba, mafuriko yameubakiza?

Nina swali, lakini kwanza nikueleze lilikotoka. Huku Uholanzi, Jumapili mchana, wafanyakazi wenzangu wawili, Marek na Ana, huja chumbani kwangu tucheze mchezo wa hadithi. Mmoja anasimulia safari, wengine wanasema watafanya nini, na pakiwa na mashaka tunarusha dadu. Nami nikatunga wa kwetu: kuvusha ng'ombe mto Momba wakati wa masika, kuwahi mnada. Kanuni moja niliiandika hivi: "Ng'ombe aliyechoka sana hafiki ng'ambo."

Marek akamwingiza dume wake majini. Nikamwambia dume amezama, maana alikuwa ametembea tangu asubuhi.

"Sana ni kiasi gani?" akauliza. "Imeandikwa wapi?"

"Anayesimulia ndiye anayeamua."

Akachukua koti lake akaondoka. Baba, huyu ndiye aliyenipikia supu nilipougua. Wiki nzima hatukula pamoja.

Nikaandika upya, kurasa nne: saa za mwendo, kiasi cha nyasi, kina cha maji. Nikajaribu na Ana. Tulikaa tumeinamia karatasi tu, hadithi haipo. Mwishowe akasema, "Leo hatujavuka mto. Tumejaza fomu."

Nikamfuata Marek, nikamwomba radhi, nikamuuliza hasa nini kilimuudhi.

"Ng'ombe kufa si neno," akasema. "Ila nilijua kuna hatari akiwa ameshakufa."

Basi kurasa nne nikazichana. Neno "sana" nimeliacha libaki, ili tulijadili mezani. Lakini anayesimulia lazima ataje hatari kabla mtu hajatia mguu majini. Marek alirudi. Nilipomweleza hali ya dume, akaamua kulala naye ukingoni. Mnada ukampita, naye akacheka.

Sasa swali langu. Wewe ulipokuwa unasimama mtoni, ulimtazama ng'ombe wapi ukajua huyu leo asivuke? Nimekua nikitembea nyuma yako na sikuwahi kukuuliza. Kaka Masanja, anayechunga siku hizi, akuandikie majibu yako yote, hata ukisema hujui.

Nisalimie Mama, mwambie khanga yake ndiyo najifunika. Salamu pia kwa Shangazi wa Tunduma, anayetupokelea barua.

Mimi binti yako,
Kabula